Mzigo wa mazoezi na uchovu kwa wanyanyua vyuma: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Mwanga

Ukurasa huu nimeuandika kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile kwa simu saa nne usiku. Ninafundisha kundi dogo la wanyanyua vyuma hapa Mwanga, Kigoma. Kuna wabeba mizigo wa Kibirizi, boti zinakoshushia mizigo, wavuvi wa dagaa, wanafunzi, fundi seremala mmoja, na mabinti wawili ambao kwa nidhamu wanawashinda wote. Tunajiandaa kwa mitindo miwili ya mashindano. Wa kwanza ni snachi, yaani kuivuta fimbo ya chuma yenye sahani za uzito kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Wa pili ni klini na jeki, yaani kuipandisha kwanza mabegani, kisha kuirusha juu. Anayetaka kujaza kifua kwa ajili ya harusi ya Desemba anakaribishwa kusoma, ila mengine hayatamhusu.

Mzigo wa mazoezi ni nini? Si kilo zilizo kwenye fimbo?

Kilo ni sehemu tu. Kuna uzito, kuna idadi ya marudio, kuna ukaribu wa uzito huo na kiwango chako cha juu kabisa, yaani kilo nyingi zaidi unazoweza kunyanyua mara moja, na kuna siku ngapi kwa wiki unarudia hayo. Aliyenyanyua kilo 80 mara tatu kwa seti tano (seti ni fungu la marudio kabla ya kupumzika) amehamisha kilo 1,200. Mwenzake aliyenyanyua kilo 100 mara mojamoja kwa seti saba amehamisha kilo 700 tu. Lakini kama 100 ndiyo karibu na ukomo wake, huyo wa pili ndiye atakayeburuta miguu kesho. Ndiyo maana kujumlisha kilo peke yake kunadanganya, na kutazama uzito mkubwa wa siku peke yake kunadanganya vilevile.

Nabeba mizigo Kibirizi tangu asubuhi. Hiyo nayo nihesabu?

Hesabu. Hapa ndipo vijana wangu wengi walipoumia kabla hatujaanza kuandika. Gunia 40 za kilo 50 kutoka botini hadi kwenye lori ni tani mbili, tena umezibeba mchangani, shingo imeinama, na hakuna wa kukwambia pumzika dakika tatu kati ya gunia na gunia. Mgongo hauulizi kama ulichobeba kilikuwa mhogo au sahani za chuma.

Lakini usiniambie kwamba kubeba gunia ni mazoezi tosha. Gunia linakupa ugumu na mshiko, halikupi kasi. Snachi inataka mwili uwe mwepesi kufyatuka, na mwili uliochoka haufyatuki, unavuta tu. Mbeba mizigo akija jioni baada ya siku nzito, ninamfutia mivuto mizito na skwati za mgongo, yaani kuchuchumaa na kuinuka fimbo ikiwa mgongoni. Anafanya snachi za uzito wa kati, mbilimbili, kwa nusu saa, kisha anaenda nyumbani. Siku ambayo boti hazikuja ndiyo siku yake ya skwati. Ratiba yake haifuati Jumatatu na Alhamisi, inafuata boti.

Mimi navua dagaa usiku. Nitapangaje wiki zangu?

Fuata mwezi, na sitanii. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi. Kwa hiyo kila siku 29 na nusu mvuvi ana takriban wiki moja ya kulala kitandani kwake usiku kama watu wengine. Vitabu vya mazoezi vinapanga wiki tatu za kupandisha mzigo na moja ya kuushusha. Wewe tutakugeuzia.

Wiki ya mbalamwezi njoo mara tano. Hapo ndipo tunapopanda asilimia 85 hadi 95 ya kiwango chako, tunapiga skwati za kweli, na tunajaribu rekodi kama mwili unaruhusu. Wiki za giza njoo mara mbili au tatu, alasiri ukishaamka, dakika 40 basi. Uzito ubaki asilimia 75 hadi 85, seti chache. Wengi wanaogopa kwamba watapoteza nguvu. Hawapotezi. Nguvu iliyokwisha kujengwa inaweza kulindwa kwa theluthi moja ya kazi iliyoijenga, ilimradi uzito usishuke sana. Kinachoiua ni kuacha kabisa, au kuja na macho mekundu na kulazimisha uzito wa wiki ya mbalamwezi.

Ziwa likifungwa kwa ajili ya samaki kuzaliana, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mfukoni ni kilio, najua. Ila kimazoezi ile ni miezi mitatu ya kulala usiku. Waliotumia ule muda vizuri tuliwaona.

Sina saa ya kisasa wala mashine. Nitapimaje uchovu?

Daftari la kurasa 48 na kalamu. Kila ukimaliza mazoezi, subiri kama dakika 20 au 30, kisha jiulize leo ilikuwa ngumu kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Zidisha namba hiyo kwa dakika ulizofanya mazoezi. Dakika 90 kwa ugumu wa 7 ni 630. Dakika 40 kwa ugumu wa 4 ni 160. Jumlisha za wiki. Njia hii inatumika kwenye michezo mingi duniani na haina gharama. Mimi nawaambia waandike na kazi ya siku hivyohivyo: saa mbili za kubeba kwa ugumu wa 6 ni 720, na hapo ndipo kijana anaposhtuka kwamba kazi yake ni nzito kuliko mazoezi yake.

Kisha fanya jaribio la ukuta. Paka vidole chaki, simama kando ya ukuta, ruka bila kukimbia, gusa juu kadiri unavyoweza. Fanya hivyo kila siku ya mazoezi baada ya kupasha mwili joto. Baada ya wiki mbili utajua urefu wako wa kawaida. Ukishuka sentimita tatu au nne siku moja, si kitu, labda hukulala. Ukishuka hivyo siku tatu mfululizo, mimi napunguza seti zako bila kukuuliza. Kanuni hii ni yangu ya hapa bandani tunapofanyia mazoezi tu, ila imenisaidia kuliko maneno ya vijana wenyewe. Ukimuuliza kijana wa Kigoma mbele ya wenzake kama amechoka, atasema "niko fiti, kocha" hata akiwa anaona nyota.

Ninyanyue mara ngapi kwenye uzito upi?

Jedwali tunaloanzia nalo linatokana na Mrusi A. S. Prilepin, kocha aliyechambua kumbukumbu za mazoezi za wanyanyuaji wengi wa Kisovieti. Kwa mazoezi ya siku moja ya mtindo mmoja, linasema hivi:

- Asilimia 55 hadi 65 ya kiwango chako: jumla ya marudio kama 24, kati ya 18 na 30.
- Asilimia 70 hadi 80: kama 18, kati ya 12 na 24.
- Asilimia 80 hadi 90: kama 15, kati ya 10 na 20, mbili hadi nne kwa seti.
- Zaidi ya 90: kama 7, kati ya 4 na 10, moja au mbili kwa seti.

Kama snachi yako ya juu ni kilo 90, basi kilo 72 ni asilimia 80, na marudio 15 yaliyogawanywa mbilimbili au tatutatu yanatosha. Usisahau kwamba wanyanyuaji wale walikuwa kwenye mfumo wa serikali, wanalishwa, wanalala mchana. Mtu wa Katubuka anayeamka saa kumi na moja kwenda sokoni aanzie upande wa chini wa kila mstari.

Kuna uchovu wa kawaida na uchovu wa hatari?

Upo. Kwanza jua kwamba uchovu na nguvu vinakua pamoja. Kila zoezi gumu linakuongezea kidogo vyote viwili, ila uchovu huonekana mara moja na huondoka haraka, wakati nguvu huja polepole na hukaa. Ndiyo maana katikati ya kipindi kizito unaweza kushindwa uzito ulioumudu mwezi uliopita na bado ukawa na nguvu zaidi kuliko mwezi uliopita. Imefunikwa tu. Kijana asiyejua hili anaongeza mazoezi kwa hasira, na anazidi kuifunika.

Uchovu wa kawaida: mapaja yanauma siku ya pili, fimbo nzito unapopasha mwili, halafu seti ya nne mwili unafunguka. Ukilala usiku mmoja au miwili unaondoka.

Uchovu wa kunitia wasiwasi unakaa wiki moja na zaidi. Unakosa asilimia 80 uliyokuwa unaichezea. Usingizi hauji ingawa umechoka. Hamu ya ugali inakwisha. Mapigo ya moyo asubuhi, kabla hujatoka kitandani, yamepanda kwa mapigo matano hadi kumi juu ya kawaida yako. Unagombana na mke bure. Dalili mojamoja nazipuuza. Zikifika tatu kwa pamoja, tunashusha.

Ukikojoa mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza kama soda nyeusi baada ya mazoezi makali, huku misuli imevimba na inauma kupita kiasi, usisubiri kesho. Huenda misuli imeharibika na mabaki yake yanaziba figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya kushusha inafanywaje? Nikae nyumbani?

Usikae nyumbani. Njoo siku zilezile, punguza seti kwa nusu hivi, acha uzito ushuke kidogo tu, asilimia 70 hadi 80. Wengi wetu tunahitaji wiki kama hiyo kila baada ya wiki tatu au nne. Mwenye miaka zaidi ya 35 huenda akaihitaji mapema zaidi, nami nipo kundi hilo kwa hiyo msinicheke.

Nimeona video za Wabulgaria wakinyanyua kiwango cha juu kila siku. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Swali hili huja kila mara mtu anaponunua bando kubwa. Mfumo ule ulikuwa wa kocha wao Ivan Abadjiev: mazoezi machache, uzito wa juu kabisa kila siku, tena zaidi ya mara moja kwa siku. Ulizaa mabingwa kweli. Mnyanyuaji Naim Süleymanoğlu alilelewa katika mfumo ule kabla ya kuhamia Uturuki mwaka 1986, na kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa daraja la kilo 60 aliinua kilo 190 kwa klini na jeki, zaidi ya mara tatu ya uzito wake.

Lakini katika Olimpiki hiyohiyo Wabulgaria wawili walivuliwa dhahabu kwa kukutwa na furosemide, dawa ya kukojoza, na timu yao ikajiondoa. Kwa hiyo ukitazama video, jiulize wale waliponaje hadi wakaweza kurudi kesho. Walikuwa kambini, kazi yao ni hiyo moja, na pia walichujwa: ambao magoti yao hayakuhimili hawapo kwenye video. Ninachokichukua kwao ni kunyanyua mitindo yenyewe mara nyingi badala ya mazoezi 20 ya pembeni. Kiwango cha juu kila siku nawaachia wao.

Ramadhani inakaribia. Nisimamishe mazoezi?

Nusu ya kundi langu ni watu wa Ujiji wanaofunga, kwa hiyo hili tumelifanyia kazi miaka kadhaa. Hatusimami. Tunabadili saa na tunapunguza kazi.

Chaguo la kwanza ni mazoezi ya dakika 40 kabla ya magharibi, ukimaliza unafuturu. Kwetu magharibi ni baadaye kidogo kuliko Dar es Salaam kwa kuwa tuko mwisho wa nchi upande wa machweo, na alasiri kiu ni kali. Saa hiyo fanya mbinu tu kwa asilimia 60 hadi 75, hakuna kujaribu rekodi. Chaguo la pili, ambalo nalipenda zaidi kwa wanaojiandaa kushindana, ni baada ya tarawehe. Umekula, umekunywa maji, joto limeshuka. Tatizo lake ni usingizi, kwa sababu daku nayo inakuja. Aliyefanya mazoezi hadi saa tano usiku lazima apate saa mbili za kulala mchana, vinginevyo ninamhamishia alasiri.

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Punguza jumla ya kazi kwa theluthi hata kama unajisikia vizuri. Usiifute daku, na isiwe chai na andazi tu: weka maharage, mayai au samaki. Maji yanywe kidogo kidogo tangu futari hadi daku, usijaze lita mbili kwa mkupuo. Na ukishinda mfungo huku ukibeba mizigo Kibirizi, basi mwezi huo mazoezi mara mbili kwa wiki yanatosha kabisa. Baada ya Idi panda taratibu wiki mbili. Mwaka mmoja nilimruhusu kijana ajaribu rekodi siku ya tatu ya Idi, tumbo limejaa pilau, na akachana msuli wa nyuma ya paja. Kosa lilikuwa langu, yeye alikuwa na furaha tu.

Nimetoka kuumwa malaria. Nirudi lini?

Ukiwa na homa, hakuna mazoezi, hata "ya kutoa jasho". Jasho halitoi malaria. Maliza dozi yote ya mseto ya siku tatu hata kama siku ya pili unajiona mzima. Baada ya hapo, homa ikiwa imekwisha na unakula vizuri, anza kwa fimbo tupu na nusu ya kazi yako, wiki nzima. Malaria hupunguza damu, na ukikimbilia skwati nzito utaona kizunguzungu kabla hujaona nguvu. Ikiwa baada ya wiki mbili bado unahema kwa kupanda mlima wa Mwanga, rudi ukapime damu.

Chakula gani kinasaidia mwili kupona? Nahitaji unga wa protini?

Una dagaa mlangoni, unataka unga wa kopo kwa nini? Mnyanyuaji anahitaji takriban gramu 1.6 hadi 2.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Dagaa wakavu karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Ongeza maharage ya Kasulu, mayai na samaki wa mgebuka siku ukipata.

Ugali wa muhogo una nguvu ya kutosha ila protini yake ni kidogo mno, kwa hiyo mboga isiwe ya kulambisha tu. Mawese ni mafuta mazuri, ila chakula hakihitaji kuogelea ndani yake. Kosa ninaloliona zaidi hapa ni uchache wa chakula kwa jumla. Mtu anakula mara moja na nusu kwa siku, halafu ananiuliza programu ipi itamtoa uchovu.

Mimi ni msichana. Siku za hedhi nisinyanyue?

Nyanyua kama unajisikia sawa, punguza kama tumbo linauma. Iandike kwenye daftari, baada ya miezi mitatu utaona mpangilio wako mwenyewe. La kuangalia ni hedhi kukatika miezi mitatu bila mimba. Hiyo mara nyingi ina maana unakula kidogo kuliko unavyofanya kazi, na mifupa nayo inalipa. Usione aibu kuniambia, au mwambie dada mkubwa wa kundi aniambie.

Nimeze dawa ya maumivu kabla ya mazoezi?

Hapana. Unazima kengele huku moto unawaka, na ukiwa umekaukiwa maji baadhi ya dawa hizo zinaumiza figo. Vivyo hivyo dawa za kienyeji za "nguvu" zisizojulikana kilichomo: ukipimwa na ukakutwa na kitu, kujitetea kwamba hukujua hakukuokoi.

Mwanangu ana miaka 13. Atadumaa?

Hatadumaa, mama. Kinachomdumaza mtoto ni njaa na maradhi. Miaka 13 ndiyo umri wa chini wa mashindano ya kimataifa ya vijana. Kwangu mtoto anaanza na fimbo ya mbao, mara tatu kwa wiki, na hapewi uzito wa kumfanya akunje uso. Ukiona anashinda uwanjani akicheza mpira na bado ana hamu ya kuja, mzigo wake uko sawa.

Wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano nifanye nini?

Hapa ndipo tunapoufukuza uchovu ili nguvu ionekane. Punguza idadi ya seti kwa nusu hivi, uzito uendelee kuwa wa kweli. Skwati nzito ya mwisho na klini na jeki nzito ya mwisho ziwe siku saba hadi kumi kabla. Snachi nzito ya mwisho siku nne hadi saba kabla, kwa kuwa haichoshi sana. Siku mbili za mwisho ni fimbo na uzito mwepesi, kama dakika 20.

Mwili utakuwa mzito na kichwa kitakwambia umepoteza nguvu. Usikisikilize, na usije bandani kwa siri "kujihakikishia". Nawajua.

Kama mashindano ni Dar es Salaam, safari ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, au basi la mchana na usiku. Hiyo ni siku ngumu ya mazoezi, miguu inavimba, usingizi hakuna. Fika siku tatu kabla, mbili ikishindikana. Njiani simama na tembea kila kituo, treni ikisimama Tabora shuka unyooshe mgongo. Beba chakula chako na maji. Niliwahi kusafiri nikafika asubuhi na kushindana jioni ileile, nikakosa snachi zote tatu kwa uzito niliokuwa naupandisha huku napiga soga.

Siku yenyewe, nianze na kilo ngapi?

Una majaribio matatu kwa kila mtindo, na kupima uzito wa mwili hufanyika saa mbili kabla. Anza na uzito unaoumudu hata ukiamshwa usingizini, mara nyingi asilimia 90 hadi 93 ya kiwango chako. Usipoteze nguvu chumba cha kupashia mwili joto: seti sita hadi nane za snachi zinatosha, ya mwisho ikiwa kilo tano hivi chini ya jaribio lako la kwanza. Nimeona vijana wakishinda mashindano mazima nyuma ya pazia, mbele ya watu wanatoka wamekwisha. Na usijinyime maji siku mbili ili uingie daraja la chini kama hujawahi kulifanya hilo mazoezini. Kilo mbili ulizokausha zinaweza kukugharimu kilo kumi jukwaani.

Na baada ya mashindano?

Siku nne au tano bila fimbo. Ogelea ziwani Bangwe, lala, kula, cheza bao. Wiki inayofuata njoo na daftari lako, ukurasa wa mashindano uwe umeshajazwa: ulilala saa ngapi safarini, ulikula nini, jaribio gani lilikuwa jepesi na lipi lilikushinda. Tutaanza kupanga kutoka hapo, pamoja na kalenda ya mwezi.